Lodi Aliyesimama Juu ya Kasha

Kabla sijaanza, naomba kila mtu akae kwa raha zake. Haya yalitokea mbali, mbali kweli, katika nchi ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaumiza macho bure. Iko jirani na Ayalandi, jirani kiasi kwamba Waairishi wakiisikia ikitajwa hukohoa kidogo na kutazama dirishani. Ni nchi ya mvua, viazi na malodi. Kwa hiyo kama kuna mtu hapa atasikia neno limemchoma ubavuni, ajue ni ubavu wake tu unaomsumbua. Sisi kwetu mvua ya namna ile hakuna, na malodi ndiyo kabisa.

Sasa, lodi ni nini? Nimeulizwa swali hili na watu wazima wenye akili zao, nami nimewajibu: lodi ni mtu aliyezaliwa. Basi. Najua, na wewe ulizaliwa. Lakini wewe baada ya kuzaliwa ulitakiwa ufanye na kitu kingine. Mwenzako akishatoka tumboni amemaliza kazi, na miaka iliyobaki ni ya kupumzika na kupongezwa.

Huyu wangu aliitwa Jervis Augustus Theobald Clanmorrow, Lodi wa Tisa wa Knockavarra. Knockavarra ni eneo kubwa la vilima na kinamasi, magharibi ya kisiwa kimoja cha nchi hiyo, na lote lilikuwa mali yake: mawe, sungura, upepo, na kwa namna fulani hata watu. Hakuzaliwa huko, lakini. Mama yake aliichungulia mvua ya Knockavarra kupitia dirisha la gari la farasi, akasema, "La, hii siiwezi," akageuza gari na kwenda kujifungulia mji mkuu, ng'ambo ya maji, kwenye nyumba yenye mazulia. Habari za uzazi zilipofika Knockavarra, msimamizi wa shamba alitoa amri kwamba watu wafurahi. Wakafurahi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na msimamizi akapita na mbwa wake akikagua meno ya kila mtu. Mzee aliyekuwa kibogoyo alihesabiwa kuwa mkaidi na akanyimwa viazi.

Mtoto akakua. Akapelekwa shule ambayo watoto wa malodi hufundishwa Kilatini, kupanda farasi, na kusema "naam, naam" huku akili iko kwingine. Alimaliza akiwa anajua "naam" moja. Walimu wake walisema ana kipaji cha uongozi.

Bungeni hakuchaguliwa. Alirithi kiti, kama alivyorithi saa ya babu yake na pua yake. Akawa Waziri wa Uvuvi mpaka ilipogundulika kwamba anaogopa samaki, ndipo akahamishiwa Elimu. Huko nako akakutana na walimu, akawaogopa vilevile. Mwishowe wakamfanya Waziri Asiye na Kazi Maalumu, na lazima tuseme kweli, hapo alijituma. Hakukosa hata siku.

Ila kulikuwa na udhia mmoja. Zamani, kabla mambo hayajanyooka kama yalivyo leo, walitokea wabunge wakorofi waliochukizwa na malodi kukaa mji mkuu mwaka mzima huku wakisemea mashamba wasiyoyajua hata rangi. Wakapitisha Sheria ya Unyayo: mtu hatasema neno Bungeni juu ya ardhi, wala hatahesabiwa kuwa na kiti kwa ardhi hiyo, isipokuwa unyayo wake uko juu ya ardhi yenyewe. Walidhani wamewakomesha. Walidhani malodi watarudi makwao, watakaa na watu, watajua daraja lipi limevunjika na kisima kipi kimekauka. Masikini ya Mungu! Wiki haikuisha, malodi wakawa wameagiza udongo.

Kila mmoja akatengenezewa kasha zuri la mbao, likajazwa udongo wa kwake, likawekwa chini ya kiti chake Bungeni. Akitaka kusema, tarishi analivuta, yeye anapanda, na Spika anatangaza kwa sauti nene: "Mheshimiwa Lodi yuko nyumbani kwake!" Nao wenzake wanaitikia, "Karibu nyumbani!" Wengine walikuwa wanatokwa na machozi hapo. Kisha lodi anazungumzia shida za watu wake kwa uchungu wa mtu anayeishi nao, halafu anateremka, anafutwa viatu, anakwenda kula.

Kasha la kwanza la Lodi Jervis lilikuwa na udongo mbichi wa kinamasi. Lilivuja, likaharibu zulia la Bunge, na likanuka. Lodi alikasirika sana kwamba ardhi ya baba zake ina tabia hiyo. Akamwagiza msimamizi wake kule Knockavarra, Bwana Cuffe, amletee udongo mkavu, msafi, usio na matope wala wadudu.

Cuffe alikuwa mtu mmoja mnyenyekevu sana kwa walio juu yake, na kwa walio chini aliubana huo unyenyekevu mpaka ukaisha. Alifikiri kidogo tu. Nyuma ya jumba tupu la Lodi kulikuwa na rundo la matofali ya kinamasi yaliyokauka, mepesi, meusi, yamekatwa vizuri kama keki. Akajaza kasha. Alijua vizuri matofali yale ni ya nini, kila mtu wa magharibi anajua. Lakini hakuulizwa, na Cuffe katika maisha yake hakuwahi kujibu swali ambalo hakuulizwa.

Sasa nieleze matofali yenyewe, maana kesi yote iko hapo. Knockavarra hakuna kuni. Misitu ilikuwepo, lakini Lodi wa Nne aliikata akajengea meli, na meli ikazama. Kilichobaki ni kinamasi. Udongo wake ni mweusi, umejaa mizizi na majani yaliyooza tangu enzi za mababu. Watu huukata kwa koleo jembamba, huuanika kwenye upepo kiangazi chote, na ukishakauka unawaka. Hauna mwali wa kujionyesha. Unashika ndani kwa ndani, unafuka taratibu, na chumba kinapata joto siku nzima.

Na moto kule si wa kupikia tu. Jioni mama wa nyumba huyafunika makaa kwa majivu na kuyaombea dua. Asubuhi huyafukua, yangali mekundu. Binti akiolewa huchukua kaa la moto kutoka jikoni kwa mama yake akaanzishe moto wa kwake. Kuna nyumba ambazo moto wake haujazimika tangu nyanya wa nyanya. Malodi walipokuja na sheria zao waliiona desturi hii, wakaipenda kwa namna yao, wakaigeuza kuwa sheria: *Nyumba ni moto. Penye moto pana mtu. Pasipo moto ni pori la Lodi.* Yaani moto wako ukizimika, huna nyumba tena. Kuta zipo, paa lipo, wewe mwenyewe upo umesimama katikati, lakini kisheria wewe ni mtu aliyepotea porini, na pori ni la Lodi.

Delia Gilhooly alikuwa na moto wa namna hiyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na ulimi usiolala, ameolewa na Fintan, mtu mpole anayekubali kila kitu isipokuwa kunyamazishwa akipiga mluzi. Kaa la Delia lilitoka kwa mama yake, na la mama yake kwa mama yake. Alikuwa akiligombeza asubuhi likichelewa kushika, kama mtu anavyogombeza mtoto anayempenda.

Basi siku moja Cuffe akatangaza kwamba Lodi anapeleka Bungeni Muswada wa Kuokoa Kinamasi. Marafiki zake wa mji mkuu walitaka mahali pa kuwindia ndege, na ndege wale hupenda kinamasi kitulivu kisicho na watu wenye makoleo. Kwa hiyo kinamasi kitafungwa. Hakuna kukata.

"Na moto je?" Delia akauliza.

"Moto hamjakatazwa," Cuffe akasema kwa upole. "Washeni kadiri mpendavyo."

"Kwa kitu gani? Kwa vidole?"

Cuffe akasema hilo halimo kwenye muswada.

Watu wakakutana, wakapiga kelele, wakalia, wakakubaliana kwamba lazima mtu aende mji mkuu akawaeleze wakubwa kwamba udongo ule ndio moto wao, na moto ndio nyumba zao. Wakubwa si watu wabaya, walisema, hawajui tu. Wakijua watahurumia. Wakamchagua Delia, kwa sababu sauti yake inafika ng'ambo hata kabla hajapanda meli.

"Usiwatukane," Fintan alimwambia akimfunga mtandio.

"Sitawatukana. Nitawaeleza."

"Usiwaeleze kwa nguvu."

Alipofika Bungeni, Katibu wa Bunge alimtazama kuanzia utosini. Alikuwa kijibwana kidogo chenye wigi kubwa.

"Wewe ni shahidi kuhusu ardhi ya Knockavarra?"

"Ndiyo, bwana."

"Unyayo wako uko wapi?"

"Mwisho wa mguu, kama wa kwako."

Katibu akavuta pumzi. Akamweleza Sheria ya Unyayo, ile iliyotungwa makusudi kwa ajili ya watu kama yeye. Shahidi wa ardhi lazima awe juu ya ardhi hiyo. Na ndani ya jengo lile tukufu, ardhi ya Knockavarra ilikuwa moja tu: kasha la Mheshimiwa Lodi. Kama anataka kusema, amwombe Lodi nafasi pembeni ya kasha.

Akaomba. Lodi akajibu kupitia kwa tarishi kwamba kasha lile ni makazi yake binafsi na hapokei wageni bila miadi. Basi Delia akaketishwa kwenye benchi la mashahidi, akaambiwa kwamba kwa mujibu wa kanuni yupo lakini hayupo, na kwa hiyo asikohoe.

Siku ya muswada baridi ilikuwa kali. Bunge lile lilikuwa na dari refu la kujivunia na madirisha yasiyofunga, na waheshimiwa walikuwa wakitunga sheria huku meno yanagongana. Kila mmoja alipewa jiko dogo la shaba lenye makaa, la kupashia miguu. Lodi Jervis, ambaye hakuwahi kuruhusu sehemu yoyote ya mwili wake iteseke, alimwamuru tarishi alizike lile lake ndani ya udongo wa kasha, ili joto limpande taratibu kwenye nyayo.

Nitasema tena, maana najua kuna mtu hakusikia vizuri. Alichukua makaa ya moto, akayazika ndani ya kasha la matofali makavu ya kinamasi, kisha akapanda juu yake kuhutubia.

"Mheshimiwa Lodi yuko nyumbani kwake!"

"Karibu nyumbani!"

"Waheshimiwa," akaanza Lodi, mkono mmoja kifuani, "nasimama mbele yenu juu ya ardhi ya baba zangu, ardhi ninayoijua kama kiganja cha mkono wangu. Nimeitazama. Nimeinusa. Nimezungumza nayo faraghani, nayo imeniambia, kwa unyonge unaoumiza moyo: Bwana wangu, mimi sifai kitu!"

Makofi.

"Haioti ngano. Haijengi. Hailiwi. Ni ardhi ya kutazamwa na ndege. Lakini wako watu huko, Waheshimiwa, watu wa kuhurumiwa, wanaoikatakata na kuipeleka majumbani. Mnajua wanadai kwamba wanaifanyia nini? Wanaichoma!"

Vicheko. Mbunge mnene wa nyuma alicheka mpaka wigi likamziba macho.

"Niulize, kwa heshima zote: ni nani katika ukumbi huu aliyewahi kuona udongo ukiungua?"

Moshi ulikuwa umeshaanza. Uzi mwembamba wa buluu, ulitokea karibu na kisigino cha kushoto, ukapanda taratibu kando ya soksi. Delia ndiye aliyeunusa wa kwanza, na ni harufu aliyoamka nayo kila siku ya maisha yake. Alisahau kwamba hayupo.

"Lodi!" akapiga kelele. "Lodi, unaungua!"

Spika akashtuka usingizini. "Mwanamke huyo amesema nini?"

"Amemtishia Mheshimiwa kwa moto, Mheshimiwa Spika," akasema Katibu.

"Simtishii, namwarifu! Teremka, baba, unaungua miguu!"

"Ameongeza miguu," Spika akasema. "Andika na miguu."

Walinzi wakamshika mabega. Lodi, aliyeona kwamba anachukiwa, alipata nguvu mpya na kuendelea. Moshi ukafika kiunoni. Upande wa upinzani walisema ni hila ya serikali ya kuficha ukosefu wa hoja. Upande wa serikali walisema ni jazba, na mmoja akaomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba hajapata kuona mtu akiipenda ardhi yake kiasi cha kufuka. Lodi alikuwa akisema "ardhi hii baridi, ardhi hii iliyokufa" ndipo soli ya kiatu cha kushoto ilipoamua kumwacha. Alipiga ukelele wa juu sana, akaruka, akatua kwenye mapaja ya Waziri wa Fedha.

Tarishi akaja mbio na ndoo ya maji. Alikuwa ameshainyanyua.

"Ngoja kwanza," akasema Spika.

Tangu jengo lile lijengwe, hakuna aliyewahi kuketi humo bila kutetemeka, na sasa kulikuwa na kitu kigeni kinawajia usoni. Joto. Mbunge mnene wa nyuma alishuka ngazi, akanyoosha viganja juu ya kasha. Mwingine akamfuata. Punde wakawa wamelizunguka, wa serikali na wa upinzani, bega kwa bega, wanatabasamu kama watoto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Bunge lile kukubaliana juu ya jambo lolote.

Na Delia, katikati ya walinzi wawili, moyo ulimruka kwa furaha. Wameona! Wameona kwa macho yao, wameuhisi kwa mikono yao. Sasa wanajua ni nini, na wakijua hawawezi kutunyang'anya. Alicheka kwa sauti, akamgeukia mlinzi wa kulia akamwambia, "Si nilisema? Si nilisema?"

Muswada uliandikwa upya palepale, kukiwa na joto. Uliitwa Sheria ya Joto la Taifa. Kinamasi cha Knockavarra, kwa kuwa kimethibitika kuwa na thamani kubwa, kilitangazwa kuwa hazina ya Bunge. Kitakatwa chote na kuletwa mji mkuu kuwapasha moto watunga sheria, ili sheria zitoke zikiwa na ukarimu. Wakazi walishukuriwa kwa kukitunza. Atakayeonekana na tofali jikoni kwake atahesabiwa kuwa ameliibia Taifa. Ndege walisahaulika kabisa, na nadhani wao ndio pekee walionufaika.

Lodi Jervis alipewa nishani na cheo cha Mgunduzi wa Moto. Alichongewa sanamu mbele ya Bunge, mguu mmoja juu. Delia naye hakusahauliwa: kwa kumtishia Mheshimiwa, aliamriwa akiombe radhi kiatu. Kiatu kililetwa juu ya mto wa mahameli, bila soli, Bunge zima likisimama.

Delia alikiinamia. "Nisamehe, kiatu," akasema. "Humu ndani ni wewe peke yako uliyewahi kuigusa ardhi yetu."

Katibu akasema inatosha.

Aliporudi, Fintan alikuwa anamsubiri njiani.

"Wamesemaje?"

"Wameamini."

"Mungu mkubwa! Wameamini kwamba unawaka?"

"Wameamini mno, Fintan," Delia akasema, akaketi chini barabarani akalia kwa hasira, akipiga ardhi kwa ngumi.

Mikokoteni ikaanza kabla majira hayajageuka. Cuffe aliisimamia mwenyewe. Walichukua matofali yaliyokuwa yameanikwa, wakachukua yaliyokuwa nyuma ya nyumba za watu, wakaingia majikoni wakachukua na yaliyokuwa yanangoja kuwekwa motoni. Wakaleta vibarua wa mbali wakakikata kinamasi mpaka kwenye mwamba. Kila gari lililopita lilikuwa na bendera ndogo, na watu walitakiwa kuvua kofia.

Baridi ikazidi. Kina Gilhooly walichoma benchi. Wakachoma kabati, wakachoma kitanda wakalala chini, wakachoma ile fremu ya kufumia ya mama yake Delia. Fintan alikuwa akipiga mluzi wakati wa kuvunja kila kitu, mpaka walipofika kwenye kitanda cha mtoto ambacho mtoto wao hakuwahi kukitumia sana, akaacha mluzi, na hakuuanza tena. Mwisho walichoma mlango. Ulikuwa mlango wa kuzuia baridi, wakauchoma ili wapate moto, kisha baridi ikaingia mahali ulipokuwa mlango. Majirani wakawa wanafanya vivyo hivyo. Nyumba moja baada ya nyingine moshi ulikatika, na kwa kila moshi uliokatika familia moja ilibeba mzigo ikashuka pwani kupanda meli ya kwenda nchi za watu.

Asubuhi moja Delia alifukua majivu yake, hakukuta chekundu. Akafukua tena mpaka chini, mpaka kwenye jiwe. Akapuliza, akapuliza mpaka majivu yakamjaa machoni. Aliliita lile kaa, aliligombeza, alilibembeleza, na Fintan alisimama nyuma yake asijue pa kuweka mikono. Nisiwafiche, mimi ni mtu wa mzaha, lakini hapa mzaha nauweka chini.

Cuffe alikuja kabla ya adhuhuri. Alivua glovu, akaweka kiganja kwenye majivu kwa adabu.

"Pamepoa," akasema. "Poleni sana. Kuanzia sasa hapa ni porini. Mkiwa porini kwa Lodi bila ruhusa ni kosa, lakini nitawapa siku kidogo, mimi si mnyama."

Yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kubaki. Alikuwa ameteuliwa Msimamizi Mkuu wa Majiko ya Bunge, akaondoka na mkokoteni wa mwisho.

Mji mkuu, mambo yalikuwa mazuri. Bunge lilikuwa na joto kiasi kwamba waheshimiwa walivua makoti, wakasinzia mapema zaidi, na wabunge waliokuwa hawahudhurii wakaanza kuhudhuria na wake zao. Majiko yalikula kinamasi kile mpaka kikaisha. Kisha jioni ya baridi kali, mchochea majiko, katika kutafutatafuta, akaliona kasha jipya la Lodi Jervis, alilojaziwa baada ya lile kuungua, chini ya kiti chake. Akalichoma, na mbao zake.

Kesho yake Lodi alisimama kuomba nyongeza ya nishani, na mbunge kijana wa upinzani, mwenye tamaa ya kiti hicho, akapaza sauti: "Unyayo!"

Wakatazama chini. Lodi alikuwa amesimama juu ya zulia.

Sheria ni sheria. Asiye na ardhi chini ya unyayo hana kiti. Lodi akaomba arudishiwe hata tofali moja. Kamati ya Majiko ikajibu kwamba hakuna, na hata lingekuwepo ni mali ya Taifa. Akatuma amri Knockavarra wamchimbie udongo haraka. Hakujibiwa. Akatuma nyingine, kali zaidi. Kimya, maana hakukuwa na msimamizi wa kuipokea. Spika, kwa masikitiko, akampa njia moja iliyosalia: aende mwenyewe, akanyage, arudi na udongo.

Basi Lodi wa Tisa wa Knockavarra, mvi kichwani, akaenda Knockavarra kwa mara ya kwanza. Mvua ilimpokea bandarini na haikumwacha. Alikuwa anatazamia watu kando ya barabara, kofia mkononi, na hotuba fupi alikuwa ameiandaa. Barabara ilikuwa tupu. Akapita kijiji bila mbwa wa kubweka, na kingine. Gurudumu la gari likavunjika kwenye shimo ambalo hakuna aliyebaki wa kulifukia, na mwenye gari akafungua farasi, akampanda, akasema anakwenda kutafuta fundi. Alikuwa akicheka alipokuwa anasema. Lodi akabaki mvuani, ameloa mpaka mifupani, akaiona nyumba moja mlimani, akaiendea akipepesuka kwenye matope ya baba zake.

Delia alikuwa peke yake; siku alizopewa na Cuffe zilikuwa zimepita, lakini hapakubaki mtu wa kumfukuza. Fintan alikuwa ameshatangulia melini na mizigo. Yeye alirudi kuchukua chungu.

"Hodi!" Lodi akaita pale palipokuwa na mlango.

Delia akamtazama. Alimjua mara moja. Lodi hakumjua, maana malodi hawana kumbukumbu ya nyuso za watu wasiokuwepo.

"Mama, mimi ndiye Lodi wa Knockavarra. Nina baridi. Nipeleke penye moto."

"Hakuna moto."

"Nyumba gani hii isiyo na moto?"

"Hii si nyumba. Pasipo moto ni pori. Hapo uliposimama ni nje, na hapa nilipo mimi ni nje vilevile. Karibu nje, Lodi."

Lodi meno yalikuwa yanagongana. Akatazama huku na huku, kuta, majivu, matope, kisha uso ukamng'aa kama aliyekumbuka kitu.

"Basi washa udongo!" akasema. "Udongo wa huku unawaka. Najua vizuri sana, mimi ndiye niliyegundua."

Delia alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kicheko chake cha kwanza tangu atoke Bungeni, na kilipoisha alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Umeisha, baba. Mmeumaliza wote kuota moto Bungeni."

"Na watu wangu? Waite. Aje mtu anishike mkono, aje mtu anitafutie gari."

"Wamepanda meli. Nilibaki mimi, nami ndiyo naondoka."

Akakipakata chungu, akaja hadi pale palipokuwa na mlango. Lodi hakusogea, maana katika maisha yake hakuwahi kumpisha mtu na hakujua inavyofanywa. Delia akamsogeza kwa bega, si kwa ukali, akapita.

"Sasa mimi nikae wapi?" Lodi akauliza, sauti imekuwa ndogo.

"Popote upendapo, Lodi," akasema Delia bila kugeuka. "Pote hapa ni pako."